Sikio la Bibi Kizee: Mashujaa wa Hadithi za Picha na Msomaji Mgeni

Katika uhakiki wa fasihi yetu, tanzu zinazopewa nafasi ni ushairi, riwaya, tamthiliya na, kwa kiasi fulani, hadithi fupi. Hadithi za picha hazimo. Zikitajwa shuleni, aghalabu hutajwa na mwalimu wa zamu anapohesabu vitu alivyovikamata chini ya madawati: kioo, kitana, barua ya mapenzi na kijitabu cha katuni. Hata hivyo wengi wa vijana wetu walionja utamu wa kusoma kwa hiari yao wenyewe katika vijitabu hivyo hivyo, na mtu anayesoma kwa hiari ni mtu ambaye mwalimu wa lugha hapaswi kumpoteza. Makala hii inakusudia kulijibu swali moja tu, ambalo niliulizwa na mwanafunzi, na ambalo kwa siku ile sikulijibu vizuri.

Nilikuwa Choma, katika wilaya ya Igunga, mkoani Tabora. Kijana mmoja wa kidato cha pili alinifuata nje ya darasa, akanipa shikamoo, nami nikaitikia. Mkononi alikuwa na kitabu cha picha cha Spider-Man, yule mtu buibui wa Marekani. Jalada lilikwisha kutoka. Kurasa za mwanzo hazikuwapo, wala za mwisho. Alikuwa amekisoma mara nyingi. “Mwalimu,” akasema, “vitabu hivi ni vingi, na kila kimoja kinasema habari imetoka katika kingine. Mtu asiyejua lolote aanzie wapi?”

Nilimjibu kama walimu tunavyopenda kujibu: aanze mwanzo. Nilikosea, na yafaa nieleze kwa nini. Superman alitokea katika karatasi mwaka 1938, kazi ya vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, ambao waliuza haki zao zote juu yake kwa dola 130. Batman alifuata mwaka 1939, Spider-Man mwaka 1962, Black Panther mwaka 1966. Tangu hapo makampuni mawili makubwa, DC na Marvel, yamekuwa yakitoa matoleo mapya kwa mfululizo, na mashujaa hao wamekufa, wamefufuka, wameoa, wameachana, na kuanza upya mara nyingi kiasi kwamba hata wasomaji wa Marekani hugombana juu ya nini kilitokea na nini hakikutokea. Kumwambia kijana wa Choma aanze mwaka 1938 ni kumwambia ayanywe maji ya ziwa ili ajue ladha yake.

Msafara wa zamani uliotoka Bagamoyo, ukapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, ulikuwa na watu waliojiunga njiani. Mpagazi aliyejitwika mzigo Tura hakuulizwa kama aliiona bahari. Alitakiwa ajue msafara unakwenda wapi, na nani amebeba nini. Msomaji mgeni wa hadithi za mashujaa naye ni mtu wa namna hiyo. Haimlazimu kujua yote yaliyopita. Hapana budi, hata hivyo, awe na kipimo chake mwenyewe cha kumpimia shujaa yeyote atakayemkuta barabarani. Na kipimo hicho, kwa mtu wa Choma, kiko karibu sana. Nilikisahau kwa sababu sikukisoma kitabuni.

Wasukuma wanayo hadithi ya Masala Kulangwa, nayo imekwisha kuvuka mipaka ya Usukuma zamani. Katika Igunga, ambako Wanyamwezi na Wasukuma wanaishi kijiji kwa kijiji na lugha zao zinaelewana, si ajabu kumkuta mtoto anayeijua kabla hajajua kuandika jina lake. Masimulizi hutofautiana katika mambo madogo, lakini mwenendo wake ni huu. Zimwi liitwalo Shing'weng'we lilimeza watu wote pamoja na mifugo yao, asibaki mtu ila mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akazaa mtoto wa kiume, akaitwa Masala Kulangwa. Na masala ni akili. Alipopata fahamu akamwuliza mama yake watu wengine walikuwa wapi. Mama akamweleza. Basi kijana akatoka kulitafuta zimwi ambalo hakujua hata sura yake. Akaua panzi, akamletea mama: je, ndilo hili? Mama akasema siyo. Akaleta ndege, siyo. Akaleta mnyama mkubwa kuliko ndege, kisha mkubwa kuliko huyo, na kila mara jibu ni lile lile, mpaka siku alipokutana na Shing'weng'we mwenyewe.

Tuitazame kwanza fani. Huyu kijana anayerudi nyumbani mara kwa mara na windo mkononi, akauliza swali lile lile na kupewa jibu lile lile, ni hadithi ya picha ambayo haijachorwa. Ukurasa wa katuni hugawanywa katika visanduku, na jicho husoma kutoka kimoja hadi kingine. Nguvu yake iko katika kile kinachobadilika baina ya visanduku na kile kinachobaki vile vile. Mchoraji akichora mlango ule ule, mama ameketi mahali pale pale, na kijana amesimama mbele yake, kitu kitakachobadilika ni mnyama, ambaye katika kila kisanduku ni mkubwa zaidi. Tena liko jambo la pili, ambalo msimulizi wa kando ya moto hana budi kulisema kwa maneno na mchoraji hana haja ya kulisema: kijana naye anakua. Katika kisanduku cha panzi ni mtoto. Katika kisanduku cha mwisho kivuli chake kinamfunika mama. Hakuna aliyetutangazia. Tumeona.

Sasa maudhui. Zimwi likauawa, na kijana akalipasua. Wakatoka baba yake, jamaa zake na watu wa nchi nzima. Lakini kisu kilipokuwa kikipasua kilimkata bibi kizee mmoja sikio. Bibi yule hakushukuru kwa kuokolewa. Alikasirika, akataka kulipiza kwa uchawi, na ikabidi kijana atafute dawa amponye. Ndipo watu wakampa utemi.

Mimi naona sikio hili ndilo kiini cha hadithi nzima. Lingeondolewa, tungebaki na habari ya mtu mwenye nguvu aliyelishinda jitu, na habari za namna hiyo zimejaa duniani. Mtu asiyetafakari angeweza kumlaumu bibi: ametolewa tumboni mwa zimwi, sikio ni kitu gani? Wazee walioitunga hadithi kando ya shikome, yaani ule moto wa jioni ambapo vijana hufundwa, hawakumnyamazisha bibi huyo. Walimpa haki ya kudai. Wakamfanya shujaa asimame mbele ya mtu mmoja aliyeumia, ilhali maelfu wanashangilia, na hawakumpa utemi kabla hajamponya. Huo ni mtazamo wa juu sana kuhusu ushujaa, na sijui kama mtazamo huo unapatikana kwa wingi katika vitabu vyenye rangi nzuri zaidi.

Kwa hiyo jibu ambalo ningempa kijana yule ni kwamba, akifungua hadithi yoyote ya shujaa, amtafute bibi kizee. Shujaa alipokuwa akiokoa, nani alikatwa? Mchoraji amemchora, au amemwacha nje ya mstari? Na shujaa, je, amerudi kumtibu?

Kitabu cha kwanza ambacho ningempa ni cha Lwanda Magere, katika mfululizo wa Pichadithi uliotolewa Nairobi katika miaka ya 1980. Jina la mfululizo limeunganisha picha na hadithi, nalo linafaa. Aliyeubuni ni Terry Hirst, mchoraji mzaliwa wa Uingereza aliyefanya makazi yake Kenya, na ambaye pamoja na Hilary Ng'weno alikuwa ameanzisha jarida la Joe mwaka 1973. Lwanda Magere ni jemadari wa Wajaluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe. Mishale ikimpiga huanguka, mikuki hupinda. Maadui zake Walang'o, waliochoka kushindwa, wakampa binti yao awe mke wake. Siku moja Lwanda akaugua, akamwambia mkewe amchanje dawa, na alipoona wembe hauingii mwilini akamwambia achanje kivuli. Kivuli kikatoka damu. Usiku ule binti akakimbilia kwao. Vita vilipoanza tena, maadui waliacha mwili wa Lwanda, wakakichoma kivuli chake, naye akageuka jiwe ambalo watu wa Kano, karibu na Kisumu, huonyesha hata leo.

Twaweza kumlinganisha na Superman, ambaye naye hapenyeki kwa risasi. Udhaifu wa Superman ni jiwe la ajabu ambalo lazima adui alilete. Asipolileta, shujaa yu salama. Kivuli hakiletwi na mtu. Lwanda anatembea nacho mchana kutwa, mbele ya kila adui, na jua likizidi kivuli huzidi kuonekana. Hili ni wazo zuri kusikia, na ni zuri zaidi kulitazama, kwa sababu mchoraji wa wino mweusi huchora vivuli kila wakati bila msomaji kuvitia maanani. Mwalimu amwache mwanafunzi asome mpaka mwisho, kisha amwambie arudi ukurasa wa kwanza akitazama chini, miguuni mwa Lwanda. Kisomo cha pili hakitafanana na cha kwanza. Na hapo mwanafunzi ataanza kuelewa kwamba picha husomwa, haitazamwi tu.

Na bibi kizee wa hadithi hiyo ni nani? Hapa darasa litagawanyika, na ni vema ligawanyike. Wengine watasema ni Lwanda mwenyewe, aliyesalitiwa. Lakini yule binti alitolewa kama mbuzi wa kafara kwa mtu aliyewaua ndugu zake, na alichofanya kwa Walang'o ni ushujaa mtupu. Hadithi inasimuliwa na upande ulioshindwa, kwa hiyo hatuambiwi alipokewa vipi kwao. Mimi ningependa sana kuona kitabu cha picha kinachomfuata yeye usiku ule anapokimbia.

Baada ya shujaa wa jiwe, msomaji apewe mashujaa dhaifu, kwa maana hapa ndipo wachoraji wa Kiswahili walipofanya kazi yao kubwa. Jambo la kushangaza katika historia ya katuni zetu ni kwamba wahusika wake wanaopendwa hawana nguvu zozote. Edward Gitau alianza kumchora Juha Kalulu huko Kenya katika miaka ya 1950, na mhusika huyo akaishi katika magazeti ya Taifa kwa miongo mingi. Jina lake lilikwisha kutangaza kwamba ni mjinga na ni sungura kwa pamoja. Chakubanga wa Christian Gregory, katika gazeti la Uhuru, alizoeleka mno hata jina lake likatumiwa na watu wa Tanzania kuitia katuni yoyote. Baadaye wakaja Kipanya wa Masoud, ambaye ni panya kama jina lake lisemavyo, na Kingo wa James Gayo. Panya, sungura, mtu wa mtaani asiye na fedha: hao ndio mashujaa tuliojichagulia.

Katika kundi hilo jarida la Sani linastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Lilianzishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na jina lake likaundwa kwa silabi za mwanzo za majina yao. Mchoraji wake mashuhuri, Philip Ndunguru, alifariki angali kijana, lakini mkono wake ulifuatwa na wengi waliokuja nyuma. Ukiwataja wahusika wa Sani unakuwa umekwisha kusimulia nusu ya habari zao: Lodi Lofa, yaani mtu anayejiita bwana mkubwa na hana kitu, Ndumilakuwili, nyoka wa vichwa viwili, Madenge, mtoto mtundu asiyetulizika.

Kwa msomaji anayejifunza, naona Lodi Lofa ana faida kuliko mtu anayeruka hewani. Ucheshi wake unatokana na tofauti kati ya maneno na picha. Mdomoni ana magari na nyumba; miguuni ana viatu vilivyopasuka. Asiyetazama viatu hacheki. Ndiyo kusema kwamba msomaji analazimika kupima maneno ya mhusika kwa kile anachokiona, na huo ni ustadi atakaouhitaji atakaposoma riwaya, gazeti na hata hotuba. Mtu mwenye joho hasemi uongo juu ya nguvu zake; akisema ataruka, huruka. Kwa hiyo hafundishi kutilia shaka.

Lakini kipimo chetu kisimhurumie Lodi kwa sababu tu ni wa kwetu. Katika katuni nyingi za miaka ile, na za baadaye, mwanamke amechorwa kama mtego: nguo fupi, macho ya kuita, mkono kwenye mfuko wa mwanamume. Mwanamume akifilisika tunacheka naye. Mwanamke aliyemfilisi hana nyumbani, hana mama, hana njaa. Huyo ndiye bibi kizee wa vijarida vyetu. Amekatwa sikio katika ukurasa baada ya ukurasa, na aliyemkata hajageuka nyuma. Mwalimu atakayeleta vijarida hivi darasani asiruke jambo hilo kwa kuona haya. Wasichana walioketi mbele yake wameliona kabla yake.

Nitapita haraka juu ya mtu aliyewavutia baba zetu kuliko wote hao. Lance Spearman, au Spear kwa mkato, alikuwa mpelelezi wa hadithi za picha za kamera katika jarida la African Film, lililotolewa na kampuni ya Drum na kusomwa kuanzia Lagos hadi Nairobi na Dar es Salaam katika miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970. Kofia, tai ya kipepeo, sigara kubwa, gari la fahari. Vijana walimwiga mpaka mwendo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wao kumwona Mwafrika akishinda katika kila ukurasa, na furaha hiyo haipaswi kudharauliwa. Lakini picha zile zilitengenezwa kusini, enzi za utawala wa makaburu, na katika mji wa Spear ubaguzi haumo kabisa. Majambazi wapo, madaktari wendawazimu wapo, makaburu hawapo. Akisoma Spear, mwanafunzi ajiulize ni zimwi gani ambalo shujaa huyu hakuruhusiwa kuliona.

Shujaaz, lililoanzishwa Kenya mwaka 2010, limejibu hoja hiyo kwa namna yake: shujaa wake, DJ Boyie, ni kijana asiye na kazi mwenye redio ya siri. Lugha yake ni Sheng, nayo itawakwaza walimu wa Kiswahili sanifu. Waikwae, kisha waisome.

Msomaji aliyepita njia hiyo sasa anaweza kwenda Marekani bila kupotea. Nami ningemshauri asianze na matoleo mapya, ambayo huwa katikati ya vita visivyoisha, bali achukue hadithi za chimbuko, zile zinazoeleza shujaa alipataje nguvu. Ni fupi, zina mwanzo na mwisho, na ndani yake mna sikio. Superman wa mwaka wa kwanza si yule wa sinema. Anamkamata mume anayempiga mkewe, anamtia hofu mwanasiasa mla rushwa, anamfungia mgodini mwenye mgodi asiyejali wachimbaji ili naye aonje hatari yao. Kadiri nguvu zake zilivyoongezwa na waandishi ndivyo adui zake walivyohamia kwenye nyota nyingine, na mchimba mgodi akatoka katika ukurasa. Mimi namtaka yule wa kwanza.

Spider-Man, ambaye kijana wa Choma alikuwa naye bila mwanzo, ana chimbuko lililo bora kuliko yote hayo. Stan Lee na Steve Ditko walimtunga mwanafunzi wa sekondari, mnyonge, mwenye miwani, aliyeng'atwa na buibui akapata nguvu. Siku moja mwizi akampita mbio naye akamwacha, kwa sababu halikumhusu. Mwizi yule yule akaja kumwua mjomba wake aliyemlea. Ni habari ya kurasa chache tu. Sikio limekatwa hapa kabla shujaa hajafanya lolote la kishujaa, na limekatwa kwa kutotenda. Na kwa kuwa mjomba amekufa, hakuna dawa. Ndiyo maana shujaa huyu hawezi kustaafu. Kijana yule alikisoma kitabu chake mara nyingi bila kujua kwa nini mtu mwenye nguvu kiasi kile ana huzuni, na ukurasa uliokuwa na sababu ulikuwa umechanika.

Black Panther, mfalme wa Wakanda, aliyetungwa na Stan Lee na Jack Kirby, alipata umaarufu mpya kwa sinema ya mwaka 2018, na vijana wetu wanampenda kwa sababu zinazoeleweka. Wakanda ni nchi ya Afrika isiyowahi kutawaliwa, tajiri, yenye elimu, iliyojificha. Swali la mtu wa Tabora lingekuwa jepesi: ilipojificha, misafara ilipokuwa inapita na watu wamefungwa minyororo, Wakanda ilikuwa inatazama wapi? Sinema ile, kwa sifa yake, inamweka mhusika mmoja aulize hivyo kwa hasira, na jibu analopewa halitoshi. Walimu wa kidato cha tano na cha sita wanaweza kwenda mbele mpaka Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons, iliyotolewa katika matoleo 12 mwaka 1986 na 1987, ambamo mtu mmoja anayeheshimiwa na wote anaua mamilioni mjini New York ili kuzuia vita ya nyuklia, na wenzake wanatakiwa kuamua kama watanyamaza. Ni kitabu kikubwa. Kina mambo ambayo si ya watoto, na mwalimu akisome chote kwanza.

Nimetaja misafara, na hapa suala linaacha kuwa la burudani. Mtoto wa Tabora akipewa penseli na kuambiwa amchore shujaa wa kwao, mara nyingi jina la kwanza litakuwa Mirambo. Na anastahili. Kutoka utemi mdogo alijenga dola ya Urambo. Mwaka 1871 aliifunga njia ya kwenda Ujiji, akawashinda Waarabu wa Tabora na Stanley aliyewasaidia. Mwaka 1876 Stanley yule yule akachanjana naye damu. Alipokufa mwaka 1884 hakuwa ameshindwa na mgeni. Lakini mchoraji atakayemvika Mirambo joho la Superman atakuwa ametudanganya, kwa sababu kisu cha Mirambo kilikata masikio mengi. Rugaruga wake walichoma vijiji vya Wanyamwezi wenzao, na mateka wa vita vile walikuwa na majina. Isike wa Unyanyembe, aliyejilipua ndani ya boma lake mwaka 1893 asikamatwe na Wajerumani, naye alikuwa na watu ndani ya boma hilo. Wachorwe wote wawili, na wachorwe wakubwa. Kandoni mwa ukurasa pawepo mtu aliyeshika sikio.

Kwamba yawezekana tumeonyeshwa na jirani. Barly Baruti, mchoraji wa Kongo aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, alitoa mwaka 2014, pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie, riwaya ya picha iitwayo Madame Livingstone. Iliandikwa kwa Kifaransa na imetafsiriwa kwa Kiingereza. Inahusu Vita Kuu ya Kwanza katika Ziwa Tanganyika, ambako rubani wa Kibelgiji ametumwa kuiharibu meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Ndiyo meli ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na kuanzia mwaka 1927 ikasafiri kwa jina la Liemba. Anayemwongoza rubani ni chotara avaaye sketi ya Kiskoti, ambaye wazungu wamempa jina la kike kwa dhihaka, naye husema kwamba baba yake ni Livingstone. Yule Livingstone aliyekaa Kwihara mwaka 1872 akingoja wapagazi. Mwanzoni tunadhani shujaa ni rubani, kwa maana ndiye anayeruka. Kadiri tunavyosoma, macho yanamwacha na kumfuata mwenyeji anayejua njia, lugha na sababu za watu kupigana. Majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yaliingia Tabora mwezi Septemba mwaka huo huo wa 1916, yakibebewa mizigo na watu wengi sana ambao hakuna aliyewachora. Baruti amewachora baadhi yao.

Kitabu hicho hakipatikani kwa urahisi Igunga. Sani za zamani hupatikana, zikiwa zimefungiwa karanga. Kwa sababu hiyo, nilipokwenda Choma mara ya pili, sikuwa na kitabu cha kumpa kijana yule. Nilimpa kazi: amchore Masala Kulangwa katika visanduku tisa, bila neno hata moja.

Aliniletea baada ya wiki. Panzi wake alikuwa mzuri kuliko zimwi lake, kama kawaida ya mtu anayechora kitu alichokiona. Katika kisanduku cha mwisho watu walikuwa wakimiminika nje, wengine na ng'ombe wao. Nikamwuliza bibi kizee yuko wapi. Akanionyesha upande wa kulia: mgongo tu, mkono kichwani, nusu ya mwili imekwisha kuvuka mstari wa kisanduku na kuingia katika nafasi nyeupe. Nikauliza dawa aliyotibiwa nayo. Akasema daftari lilikwisha.

Nikampa karatasi mbili.